Mtoto wa Ngong: Mgeni Mwenye Kipawa Aliyeacha Ukoo wa Watabiri Mpaka Loliondo

Kama wewe ni mtu wa anime na manga, hii unaijua hata ukiamshwa usingizini. Asubuhi, darasani. Mwalimu anaingia, nyuma yake kuna sura mpya. Anaandika jina ubaoni, anainamisha kichwa, anaoneshwa kiti cha nyuma karibu na dirisha. Darasa zima linamkodolea macho. Kabla sura ya kwanza haijaisha, msomaji ameshajua kitu ambacho darasa bado halijui: huyu aliyehamia si mtu wa kawaida.

Kwenye shoujo, yaani manga zinazochorwa hasa kwa ajili ya wasichana, mojawapo ya zilizotikisa kwa stori hii ni Please Save My Earth ya Saki Hiwatari. Ilitoka kwa vipande kwenye jarida la Hana to Yume kuanzia mwishoni mwa 1986 hadi 1994, ikafika vitabu 21. Mhusika mkuu ni Alice, binti aliyetolewa Hokkaido kwenye miti na hewa safi akaletwa kusoma Tokyo. Mpole, haya nyingi, mji haumwingii kabisa. Ila ana kitu chake: anasikia mimea na wanyama wanavyojisikia. Baadaye anakuja kugundua kwamba kuna wanafunzi wenzake wanaota ndoto moja ya maisha mengine, kwamba waliwahi kuishi mwezini wakiiangalia dunia kutoka mbali.

Hiyo manga ilikolea mpaka baadhi ya wasomaji wa Japani wakaanza kuamini ni kweli. Mwandishi ikabidi aandike wazi kwamba ni hadithi ya kutunga, watu watulie.

Sasa vua sare za shule. Weka rubega, ndama na ukame. Stori ya mgeni anayefika akiwa na nguvu za ajabu, halafu majani yakamtii, Wamasai wanayo toka zamani sana, kabla hata Hana to Yume haijawazwa. Na wao hawakuihesabu kama hadithi ya kupitisha muda. Waliijengea ukoo mzima. Ukoo huo ulifanya ndugu wagombane, ukawapa Waingereza mtu wa kusaini naye karatasi, na mkia wa stori unafika mpaka Loliondo, wilayani Ngorongoro, kwenye maeneo kama Soitsambu ambako leo kijana analisha ng'ombe huku simu iko mkononi.

MTOTO ALIYEOKOTWA JUU YA MILIMA

Milima ya Ngong iko pembeni ya Nairobi. Leo watu wanapanda wikiendi kupiga picha na mitambo ya umeme wa upepo. Zamani hizo, kwa mujibu wa wazee wa Kimasai, watu wa ukoo wa Ilaiser walikuta kiumbe kidogo kimekaa juu ya hiyo milima peke yake. Kadogo kiasi kwamba walidhani ni mtoto. Hana mama, hana baba, hana ng'ombe, hana rika. Wengine wanasema alishuka kutoka mbinguni. Jina lake kuna wanaosema ole Mweiya, kuna wanaosema Kidongoi, na kuna wanaosema mmoja ni baba na mwingine ni mwana. Stori za mdomo ndivyo zilivyo, kila boma lina namna yake ya kusimulia.

Wakamchukua wakampeleka bomani. Hapo ndipo mambo yakaanza.

Simulizi inayopendwa zaidi ni ya kipindi cha ukame. Nyasi zimekauka, wenye boma wamehangaika na mifugo yao huku na huku, na huyu mtoto kaachiwa kazi ya watoto wote wa Kimasai: kuchunga ndama. Lakini ndama wake wanarudi wameshiba. Matumbo yamejaa, midomo ina unyevu. Watu wakaanza kuulizana, huyu anachungia wapi? Wakamfuata kimyakimya. Wakakuta pale alipo yeye, majani ni mabichi na maji yapo. Kule kwingine kote vumbi tupu.

Unaona inavyofanana? Alice wa Tokyo anaisikia mimea. Mtoto wa Ngong anaiotesha. Hakuna aliyemwibia mwenzake wazo, ni kwamba binadamu wa kila mahali wakiwaza kipawa cha mgeni, wengi wanaishia kuwaza kitu kile ambacho wao wenyewe wanakikosa. Binti wa Tokyo, mji wa zege, akapewa miti. Wafugaji wa nchi ya ukame wakapewa majani.

ALIPOKELEWA, ILA KIAINA

Hapa ndipo penye utamu, na ndipo wengi wanaporuka wakisimulia.

Yule mtoto hakubaki mgeni wa kupita. Alikua, akaoa, akazaa. Uzao wake ukaitwa Inkidongi, ndani ya ukoo wa Ilaiser uliomwokota. Jina linaendana na enkidong, ule mfuko wa pembe au kibuyu chenye vijiwe ambavyo laiboni anavitikisa na kuvimwaga, halafu anavihesabu ili kusoma kinachokuja. Toka hapo malaiboni wakubwa wa Wamasai wakawa wanatoka kwenye damu hiyo.

Lakini sikiliza vizuri. Laiboni hakuwa mfalme. Wamasai hawakuwa na mfalme. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na wazee kwa mpangilio wa rika, na kila rika lilikuwa na msemaji wake, laigwanani, ambaye mpaka leo unamsikia akitajwa kwenye habari za Ngorongoro. Laiboni aliitwa kwenye mambo mazito: lini vijana waingie jandoni, lini sherehe ya eunoto ifanyike ili morani wapande ngazi, vita ibarikiwe au iachwe, mvua imegoma tufanyeje. Anasoma vijiwe, anatoa dawa, anapewa ng'ombe wake, basi.

Na walimweka mbali kidogo. Familia za malaiboni mara nyingi zilikaa kwenye maboma yao peke yao. Watu waliwaheshimu na kuwaogopa kwa wakati mmoja, maana mwenye kujua kubariki anajua pia kulaani. Vizazi vingi baada ya Ngong, watoto wa yule mtoto walikuwa Wamasai kamili, wanaongea Kimaa, wana ng'ombe, wana rika, ila bado kuna kitu kilichowafanya waonekane wa kuja.

Huyo ndiye mwanafunzi wa kiti cha dirishani. Siku ya mtihani kila mtu anataka kukaa naye. Wakati wa mapumziko anakula peke yake.

Kwa nje inaonekana ni roho mbaya, lakini kulikuwa na akili ndani yake. Mtu mwenye nguvu ambazo wengine hawana ni hatari akipewa na mamlaka juu yake. Wamasai walitenganisha. Kipawa kikakaa kwa laiboni, maamuzi yakabaki kwa wazee. Kwa muda mrefu mpango huo ulifanya kazi.

MBATIAN NA MIAKA YA MABALAA

Ukishuka kwenye ule uzao unafika kwa Supeet, halafu mwanaye Mbatian, laiboni aliyekuwa na jina kuliko wote katika karne ya 19. Anasimuliwa kwamba kabla ya kufa, karibu na 1890, aliwaambia watu kwamba mifugo itakufa, maradhi yatapiga watu, na wageni weupe watakuja.

Uamini utabiri au usiamini, yaliyofuata yameandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilipita Afrika Mashariki na kufyeka ng'ombe, maeneo mengine hawakubaki hata wa kuhesabu. Ndui ikafuata. Njaa ikafuata. Kipindi hicho Wamasai wanakiita Emutai, kumalizwa. Msafiri kutoka Austria, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro Machi 1892 na akaandika kuhusu watu waliodhoofu kwa njaa aliowakuta huko. Yaani nchi hii ambayo leo mtalii anashuka kreta na gari la wazi, miaka hiyo watu walikuwa wanatafuna ngozi.

Na katikati ya balaa hilo, nyumba ya laiboni ikapasuka.

NDUGU WAWILI NA ALFAJIRI MOJA

Mbatian alikuwa na watoto wengi, ila wawili ndio wa stori hii: Sendeu, ambaye vitabu vingine vinaandika Sendeyo, na Olonana, ambaye wengi wanamjua kama Lenana.

Simulizi iliyoandikwa na Mwingereza A. C. Hollis mwaka 1905 inasema hivi. Mzee akiwa anakaribia kufa alimwita Sendeu akamwambia, njoo kesho asubuhi nikukabidhi vitu vya kazi. Lenana alikuwa amejibanza kwenye zizi la ndama, akasikia yote. Kulipopambazuka, Lenana akawahi. Mzee uzee umeshampunguza macho, akadhani ni yule aliyemwita, akamkabidhi kila kitu: rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, vijiwe na mfuko. Sendeu anafika kwa wakati wake, anaambiwa vimeshachukuliwa.

Waliosoma Biblia hapo wanaguna, wanamkumbuka Yakobo na Esau. Kumbuka pia kwamba stori hii iliandikwa wakati Lenana ndiye aliyekuwa juu. Hata hivyo waliomsimulia Hollis hawakumsafisha. Walikubali kwamba kipawa kilipitishwa kwa hila, na bado wakamfuata.

Sendeu hakukubali. Wamasai wakagawanyika. Waloita wengi wakawa upande wake, Wapurko wengi upande wa Lenana, wakapigana miaka ya 1890 huku njaa haijaisha. Lenana akawasogelea Waingereza, ambao walikuwa na ngome yao Fort Smith, karibu na ilipo Nairobi leo. Sendeu akawa upande wa Wajerumani, huku kusini, kwenye nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwaka 1902, watu wake wamechoka na kupungua, akarudi kwa mdogo wake na vita ikaisha.

Zingatia kitu kimoja. Toka Ngong, nguvu ya laiboni ilipimwa na wenyeji wenyewe: ndama wameshiba au hawajashiba? Mvua imekuja au haijaja? Safari hii mizani ikahamia kwingine. Aliyeshinda ni yule aliyekuwa karibu na wenye bunduki.

CHEO AMBACHO HAKIKUWEPO

Waingereza walitaka mtu mmoja wa kuongea naye. Kuongea na wazee wa kila sehemu na wasemaji wa kila rika kulikuwa kazi kubwa. Wakamwangalia Lenana, wakaona watu wanamheshimu, wakahitimisha huyu ndiye bosi. Wakamtambua kama chifu mkuu wa Wamasai wote, cheo ambacho Wamasai wenyewe hawakuwahi kuwa nacho.

Ule ukuta waliojenga wazee, kipawa huku na maamuzi kule, ukabomolewa na watu ambao hawakujua kama upo.

Agosti 1904 Lenana na viongozi wengine wakaweka alama kwenye makubaliano. Wamasai waondoke Bonde la Ufa, maeneo mazuri ya Naivasha na Nakuru yaende kwa walowezi. Wao wagawanywe, wengine Laikipia kaskazini, wengine kusini. Kwenye karatasi waliahidiwa kwamba mpango huo utadumu maadamu kabila la Wamasai lipo.

Ulidumu miaka 7.

Machi 1911 Lenana akafariki. Maofisa wa serikali wakatangaza kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa Wamasai wa Laikipia nao wahamie kusini. Ilikuwa ni wosia uliokuja kwa wakati mzuri mno kwa walioitaka Laikipia. Aprili mwaka huohuo makubaliano mapya yakasainiwa. Watu takribani 10,000, ng'ombe wapatao 175,000 na kondoo zaidi ya milioni moja wakaanza kusukumwa kusini.

Baadhi ya Wamasai wakaenda mahakamani. Kesi inajulikana kwa jina la Ole Njogo, na mwaka 1913 ikatupwa. Sababu inastahili kusomwa mara mbili: mahakama ilisema yale makubaliano ni mkataba kati ya dola mbili, na Wamasai si raia wa Uingereza bali watu wa nchi ngeni, kwa hiyo mahakama ile haina uwezo wa kusikiliza malalamiko yao. Kwa maneno ya mtaani: mwenye nyumba alipolalamika kwamba amefukuzwa, aliambiwa kisheria yeye ni mgeni.

Wamasai waliwahi kumwokota mgeni mlimani wakamfanya mwenyeji. Miaka mingi baadaye, kwa kupitia cheo alichopewa mtu wa uzao wake, wao wakageuzwa wageni.

Lenana mwenyewe amebaki na jina kubwa. Mwaka 1899 Halford Mackinder, Mwingereza wa kwanza kufika kilele cha Mlima Kenya, aliviita vilele Batian, Nelion na Lenana. Batian ndiyo mrefu kuliko vyote, mita 5,199, na unahitaji kamba kuufikia. Wanaopanda kwa miguu wanaishia Point Lenana, mita 4,985, kwa hiyo picha nyingi unazoziona za watu wakitabasamu juu ya Mlima Kenya zimepigwa juu ya jina la laiboni. Nairobi kuna shule yenye jina lake, iliyoanza kama shule ya watoto wa Kizungu.

Sendeu hakupewa kilele.

UPANDE WA LOLIONDO

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikuwa wameshachora mstari wa mpaka kwenye ramani, umenyooka kutoka Ziwa Victoria kuelekea Kilimanjaro. Loliondo iko mlangoni kabisa pa mstari huo. Waloita wapo pande zote mbili. Wapurko wapo pande zote mbili. Ndani ya tarafa ya Loliondo, ambako Soitsambu ipo, wajukuu wa waliokuwa upande wa Sendeu na wajukuu wa waliokuwa upande wa Lenana wamekuwa majirani, pamoja na Walaitayok. Wanaoana, wanagombania malisho, wanapatana, maisha yanasonga.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, kuna msitu wa Waloita ambao malaiboni wanautumia kwa dawa na sala. Unaitwa Naimina Enkiyio, Msitu wa Mtoto Aliyepotea. Wanasimulia kwamba binti mmoja aliwafuata ndama walioingia msituni. Ndama wakarudi, yeye hakurudi. Miaka ya 1990 halmashauri ilipotaka kuufanya sehemu ya utalii, Waloita waliupigania, na malaiboni walikuwa mstari wa mbele.

Ziweke hizo stori mbili pamoja. Mvulana alikutwa mlimani, akapokelewa, akaacha ukoo wenye majina yote haya ya kwenye vitabu. Binti alipotea msituni akiwa kazini, kwa kazi ileile ya ndama, na jina lake hakuna anayelitaja. Kilichobaki ni msitu. Lakini msitu huo ndio unaotoa dawa, na bila dawa laiboni ni mzee mwenye vijiwe tu.

Upande wa Tanzania nako karatasi ziliendelea kuja. Mwaka 1958 wazee 12 waliweka alama kukubali Wamasai watoke Serengeti, na 1959 sheria ikatenganisha Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na eneo la Ngorongoro. Wengine wakaingia Ngorongoro, wengine Loliondo. Juni 2022 mawe ya mipaka yakawekwa kwenye kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, na gumzo lake kila mwenye simu analikumbuka. Kila mara swali linalorudi ni lilelile la 1904: nani aliyesema kwa niaba ya wote, na nani alimtuma?

KISHA AKATOKEA BABU

Mwaka 2011, wilaya hiihii ya Ngorongoro, ikajaa magari. Kijiji cha Samunge, kwa Wasonjo, mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapila, alisema Mungu alimwonesha kwenye ndoto mti wa kuchemsha. Mti wenyewe ni mugariga. Kikombe kimoja, shilingi 500, na kikombe unampewa na yeye mwenyewe, si mtu mwingine.

Jina la ukoo la Kinyakyusa, mtu wa kuja katika nchi ya Wasonjo na Wamasai. Mgeni mwingine mwenye kipawa kinachohusu mmea. Stori ni ileile, imebadilisha nguo tu.

Foleni ilikwenda kilomita nyingi. Mawaziri walikunywa mbele ya kamera. Wenye uwezo walitua na helikopta, wengine walisafiri siku kadhaa na wagonjwa wao, na wapo waliofia njiani. Wataalamu wa afya walitahadharisha watu wenye VVU wasiache ARV, na mpaka leo hakuna utafiti uliothibitisha kwamba kile kikombe kiliponya ukimwi, kisukari wala saratani. Foleni ikapungua, magari yakaondoka, Babu akabaki Samunge. Alifariki Julai 2021.

Ila angalia tofauti. Wale wa Ilaiser walimfuata mtoto porini kwanza, wakaangalia ndama na majani kwa macho yao. Walipohakikisha wakampokea, na hata hapo hawakumwachia waamue kila kitu. Mwaka 2011 nchi ilipanga foleni kabla ya kuhesabu ndama.

DARASA NDIYO STORI

Manga za mgeni mwenye nguvu zinaonekana zinamhusu mgeni. Zisome tena. Kurasa nyingi zinahusu darasa: nani anamkaribisha, nani anamwogopa, nani anataka kumtumia, nani anajifanya rafiki kwa sababu ya kile kipawa.  Kinachobadilika ni watu waliomzunguka wanataka nini kwake.

Stori ya Ngong ni hivyohivyo. Ilaiser walimwona mtoto wakampa boma. Wazee wa rika walimwona mtabiri wakampa heshima na umbali. Waingereza walimwona mtu wa kusaini, wakampa cheo, na cheo hicho kikala ardhi ya watu ambao hata hawakuwa mezani.

Leo kila siku mtaani na mtandaoni anatokea mgeni mpya mwenye kipawa. Nabii wa mafuta, bwana wa mikeka ya uhakika, mtu wa biashara inayolipa mara tatu kwa wiki. Wapo pia wenye kipawa kweli, tena wengi, na wanastahili boma. Wazee wa Umasaini walikuwa na njia yao ya kupima: mfuate kimyakimya mpaka malishoni, angalia matumbo ya ndama, halafu mpe nafasi yake bila kumpa na muhuri wa kijiji.

Wewe kwenu mtu wa namna hiyo aliwahi kutokea? Jina lake liache. Sema tu ndama walishiba au hawakushiba. Komenti ziko hapo chini.